Mama Mwadi, Mpokea Wanaoanguka

Inatangazwa kwa waamini wote wa Kanisa la Upanga Usiolala, lililoko Panda, mjini Likasi, pamoja na wageni walio katikati yao, kwamba mtu aliyeanguka chini ya nguvu za Mungu ndani ya nyumba hii asinyanyuliwe, asimwagiwe maji, asipepewe, wala asipewe sukari, mpaka mtumishi wa Mungu atakapotoa idhini. Mtu huyo yuko katika mikono salama. Atasimama kwa saa yake, naye atakuwa mzima kuliko alivyoanguka.

Tangazo hilo lina sahihi, lina muhuri wa duara, na limefunikwa kwa plastiki ili mvua inayovuja kwenye mabati isiliharibu. Limebandikwa kwenye ukuta wa kulia, kati ya kalenda na swichi ya taa. Hata mgeni wa siku moja hulisoma hadi mwisho, maana ibada ni ndefu na ukutani hakuna kingine cha kusoma. Wengi hukubaliana nalo mpaka wafike kwenye neno sukari. Hapo humgeukia jirani na kuuliza. Jibu la neno sukari ni Mama Mwadi.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na mikono ya mtu aliyebeba magunia tangu ujana. Mumewe alikuwa mvunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, hadi kifua chake kilipokataa kupokea vumbi zaidi. Baada ya kumzika, Mwadi aliuza unga wa mahindi kwa kopo, akamlea binti yake wa pekee, Orpa, na Jumapili moja akaingia kwenye kanisa lililokuwa karibu kuliko mengine. Si sababu mbaya. Watu wameingia makanisani kwa sababu zilizo mbali zaidi.

Pasteur Blaise, mwenye kanisa, alimwona siku moja akishusha peke yake gunia la kilo hamsini kutoka kwenye lori. Akasimama kumtazama, halafu akasema, "Mama, Mungu iko na kazi na hii mikono."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika Upanga Usiolala, mtu akiombewa anaweza kuanguka, na akianguka ni neema. Lakini sakafu ni ya simenti. Kwa hiyo nyuma ya kila anayeombewa lazima asimame mwingine wa kumpokea, kumlaza, na, ikiwa ni mwanamke, kumfunika miguu kwa kitambaa ili neema isigeuke aibu. Vitambaa vilikuwa kumi na viwili, vya rangi ya zambarau. Mwadi mwenyewe alivikata kutoka kwenye pazia moja na kuvipinda kingo, na kila Jumamosi alivifua na kuvipiga pasi.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila kumwangusha mtu. Alisimama nusu hatua nyuma, goti moja mbele. Alimpokea mtu kwapani, akamwacha ateleze juu ya paja lake kama mzigo unaoshuka ngazi, na kichwa akakilaza mwisho. Waliofundishwa naye walikuwa wakinyoosha mikono kama wanaosubiri mpira. Aliwapiga vibao vya vidoleni.

Upande wa wanaume kazi hiyo ilifanywa na Papa Germain. Yeye alitumika miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha shaba Shituru, na huko alikuwa mmoja wa wafanyakazi waliofunzwa kuwahudumia wenzao wakipatwa na ajali. Alikuwa amepewa kijitabu na beji. Beji bado aliiweka mfukoni mwa shati siku za ibada, bila kuivaa. Alibatizwa Mkatoliki, na akisahau alifanya ishara ya msalaba, kisha akajifanya anajikuna kifua.

Baada ya ibada wawili hao walikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma wakitafuna karanga na kuijadili kazi, kama mafundi wa kazi yoyote ile.

"Ule mama wa leo, wa nguo ya kijani," Germain alisema siku moja, "uliona vile aliangalia nyuma?"

"Mara mbili," Mwadi alijibu. "Bote banaangaliaka nyuma, Papa Germain. Kidogo tu, kama muntu mwenye kurudisha motoka nyuma. Roho anabaangusha, lakini kwanza banataka kujua kama minye niko pale."

"Sasa weye unasema haiko Roho?"

"Minye sisemi kintu. Minye nashika."

Hiyo ndiyo elimu waliyokuwa wameipata kwa miaka yote hiyo, na hawakumhubiria mtu: anayeanguka kwa Roho huangalia nyuma; anayezimia haangalii. Germain aliongezea yaliyokuwemo kwenye kijitabu chake. Tazama rangi ya midomo. Gusa paji la uso, kama jasho ni baridi. Tazama kama pande mbili za uso ziko sawa.

Mwadi mwenyewe hakuwahi kuanguka, na jambo hilo halikuwapita watu. Miaka kumi na moja katikati ya moto, na hata kuyumba hakuyumba. Mama mmoja mnene wa kwaya alimwuliza mbele ya wenzake, "Mama Mwadi, weye Roho anakuogopa?"

"Anakuhurumia weye, mama. Akiniangusha minye, nani atakushika? Unajua kilo zako?"

Walicheka, mnene mwenyewe akicheka kuwashinda wote. Lakini Orpa, aliyeimba kwenye kwaya hiyohiyo, aliwahi kumwona mama yake usiku akiomba magotini, na akamsikia akiuliza kwa sauti ndogo kwa nini wengine na si yeye.

Sasa habari ya sukari. Miaka mitatu iliyopita kanisa lilifunga siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya tatu, saa nane mchana, Danielle, msichana mshonaji wa miaka kumi na tisa, alianguka akiwa wa kwanza kwenye mstari wa kuombewa. Hakuangalia nyuma. Alianguka kwa uso, na Mwadi alimdaka kwa kola ya nguo, pua ikiwa shubiri moja kutoka kwenye simenti. Paji la uso lilikuwa baridi kama chupa.

Germain alikuja, akainama, akanong'ona, "Mama, hii haiko Roho. Hii ni nzala."

Mwadi hakungoja. Alimbeba msichana hadi barazani, akamlaza miguu juu, akakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji na kumnywesha kidogo kidogo. Danielle alifumbua macho, akaomba mkate. Ndani, wakati huohuo, Pasteur Blaise alikuwa amefumba macho, akitabiri juu ya mahali alipoanguka msichana. Alipoyafumbua, mahali pale palikuwa patupu.

Kamati ya kanisa ilikaa. Mwadi alishtakiwa kwa kuuzima moto wa Roho na kwa kuvunja mfungo wa mtu mwingine. Alisema ilikuwa njaa. Waliuliza amejuaje. Akasema Papa Germain ndiye aliyemwambia, naye ana elimu hiyo. Wakamgeukia Papa Germain. Germain alifikiri, akapapasa mfuko wa shati, akasema hakumbuki vizuri maneno aliyosema, maana kelele zilikuwa nyingi.

Mwadi alikaa miezi mitatu kwenye benchi la nyuma kabisa, bila vitambaa. Katika miezi hiyo mitatu walioangushwa ovyo walikuwa wanne, na mmoja akavunjika jino. Akarudishwa. Tangazo likaandikwa, likapigwa muhuri. Hakumsema Germain hata neno. Jumapili ya kwanza aliyorudi alimkuta kwenye ngazi za nyuma, akakaa, akanyoosha kiganja, naye akamwekea karanga.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mwadi alianguka sokoni.

Aliinuka kutoka kwenye gunia la unga, jua likiwa katikati, na dunia ikazima. Aliyoyakosa wakati ule aliyasikia baadaye kutoka kwa jirani yake wa meza. Watu walifanya duara upesi, na duara lilikuwa zuri, bila pengo.

"Musimuguse! Ni kifafa. Akijamba na weye uko karibu, inakuingia!"

"Kifafa gani? Haina povu."

"Povu itakuja. Ngoja."

Walingoja povu. Mmoja alipiga picha. Mwingine, mwenye huruma, alichukua kopo la kupimia unga ili lisikanyagwe, na tangu hapo hajaonekana yeye wala kopo. Hatimaye muuza nyanya alimmwagia usoni maji aliyokuwa akinyunyizia nyanya zake, akarudi mezani kwake haraka akijifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, asije akawa ameshika ugonjwa.

Kwenye kituo cha afya walimpima tansio ya damu, wakasema iko juu sana, ishirini kwa kumi na mbili, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza siku ambazo kichwa kilimwuma. Siku nyingine aliona ni kuvipoteza bure.

Mwadi hakumwambia Orpa. Alimwambia Germain, kwenye ngazi.

"Nilifungua macho, Papa Germain, nikaona viatu tu. Viatu vingi, vyote vinaniangalia. Hakuna hata mukono moja."

Germain alikuwa ameacha kutafuna.

"Nitakuomba kintu," Mwadi aliendelea. "Siku nitaanguka mu kanisa, weye tu utajua. Usiache banifunike. Unitoe inje, unipeleke ku hospitali. Usingojee."

"Mama, siku weye utaanguka, pengine itakuwa Roho kweli. Miaka yote hii unamuomba."

"Kama ni Roho, nitaangalia nyuma kama bengine."

"Na kama hauangalie?"

"Basi unajua."

"Naapa mbele ya Mungu..."

"Usiape. Ushike tu."

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, mvua bado hazijaanza, joto limekaa chini ya mabati kama mgeni asiyetaka kuaga. Saa tano ilikuwa imepita dakika chache. Mwadi alimpokea mama mnene wa kwaya, kilo zote, akamlaza bila sauti, akamfunika. Akachukua kitambaa kingine, akasimama nacho mkononi. Akaweka mkono wa pili kichwani, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Akaanguka.

Hakuangalia nyuma, na hata angeangalia asingeona mtu, kwa kuwa anayesimama nyuma ya watu ni yeye. Kichwa kiligonga simenti. Mpiga ngoma alisema baadaye kwamba alikisikia, akadhani ni besi.

Kanisa lilimgeukia. Halafu likalipuka.

"Mama Mwadi amefikiwa na Roho!"

"Miaka kumi na moja! Miaka kumi na moja, Yesu!"

Vigelegele vilipasua mabati. Wanawake waliokuwa wakimtania walilia kwa furaha na kuomba msamaha kwa sauti. Orpa, juu ya jukwaa na kipaza sauti mkononi, alimwona mama yake chini, akajua kwamba yale maombi ya usiku yamejibiwa, akaanzisha wimbo wa shukrani, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Pasteur Blaise naye alilia. Hakuwa akiigiza. Alikuwa amemwombea mwanamke huyu jambo hili kwa muda mrefu, na aliinama mwenyewe, akakichukua kitambaa cha zambarau kutoka mkononi mwake, akamfunika. Mtu mmoja alikivuta hadi usoni, kwa heshima.

Germain alikuwa hatua kumi kutoka pale. Aliona vile alivyoanguka. Alikuja, akapiga magoti, akafunua pembe ya kitambaa. Pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa imeshuka, kama pazia lililochomoka kwenye msumari mmoja.

"Pasteur," alisema. "Pasteur, minye naona kama..."

Pasteur Blaise aliinua kiganja, macho akiwa ameyafumba. "Papa Germain. Muache Mungu amalize kazi yake."

Germain alirudisha pembe ya kitambaa mahali pake.

Mtu asidhani alikuwa mwoga tu. Aliwaza mambo mengi na yote yalikuwa na akili. Aliwaza kwamba labda ni kweli, kwamba Roho hana lazima ya kuwafanya watu wote waangalie nyuma. Aliwaza kwamba mwanamke huyu amechekwa miaka yote, na kumbeba nje leo ni kumnyang'anya siku yake mbele ya binti yake. Aliwaza tangazo, na muhuri. Katika miaka thelathini na mmoja ya kiwanda, agizo lenye muhuri halikuwahi kumletea tabu, ilhali akili yake mwenyewe ilikuwa imemletea mara mbili. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Akajiambia: dakika tano tu, halafu nitasema tena.

Chini ya kitambaa mkono wa kushoto wa Mwadi ulianza kusogea. Ulifunguka, ukajifumba, ukafunguka tena, ukipapasa simenti kwa nyuma.

"Anasifu!" mtu alipaza sauti. "Muone mukono, anasifu!"

Kwaya iliimba nyimbo nne. Germain alibaki amepiga magoti, na kutoka mbali alionekana kama mtu anayeomba.

Saa sita kasoro dakika nane Pasteur Blaise aliomba utulivu ili Mama Mwadi asimame na kushuhudia. Alimwita kwa jina. Alimwita mara ya pili, kwa jina na kwa mamlaka. Mara ya tatu alikisogeza kipaza sauti hadi kwenye kitambaa, na spika zikatoa kwa kanisa zima mkoromo mzito, mrefu, ambao haukuwa wa lugha yoyote.

Ndipo Germain alipokifunua kitambaa chote. Jicho moja lilikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa kimelowa upande wa chini.

Motoka pekee iliyokuwepo ni pikapu ya kanisa, na nyuma yake kulikuwa kumefungwa spika za kuhubiria mitaani. Ilibidi zifunguliwe. Wanaume watatu walizishusha, na mmoja akasisitiza nyaya zisikunjwe ovyo. Mwadi aliwekwa zilipokuwa spika. Orpa alikishika kichwa, Germain akaishika miguu, akiwa bado amebeba kile kitambaa bila kujua.

Kwenye kituo cha afya muuguzi, mwanamke kijana mwenye usingizi wa zamu, alimgusa Mwadi mkono wa kulia, akauinua, akauachia. Ulianguka kama kitu cha mtu mwingine. Akachukua kalamu.

"Ilianza saa ngapi?"

Germain alikiona kitambaa mkononi mwake, akakikunja.

"Ninauliza: alianguka saa ngapi? Kwa hii ugonjwa, saa ni kintu ya maana."

"Sasa hivi," Germain alisema. "Sasa hivi tu, mama. Tulimuleta mara moja."

Orpa alimgeukia. Yeye ndiye aliyeimba nyimbo nne, mbili kati ya hizo akirudia viitikio, na alijua urefu wa kila moja. Alimtazama mzee huyo usoni, akafungua kinywa. Halafu akakifunga, akatazama chini, kwenye kidole gumba cha mguu wa mama yake, ambacho kilikuwa na vumbi la simenti.

Muuguzi aliandika: saa sita na robo. Alitundika maji, akatoa dawa iliyokuwepo. Dawa ambayo ingetaka kujua saa aliyoanguka haikuwepo, kwa hiyo pengine uongo ule haukubadilisha chochote. Germain amejiambia hivyo mara nyingi. Bado hajamaliza kujiambia.

Mwadi alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, bila mkono wa kulia, bila mguu wa kulia na bila ulimi. Meza ya unga sasa ni ya Orpa. Orpa ameacha kwaya; anasema ni sababu ya kazi.

Kanisani hawakumtupa. Pasteur Blaise husimulia mara kwa mara siku Mama Mwadi alipofikiwa, na husema Mungu amempumzisha mtumishi wake baada ya miaka kumi na moja ya kusimama. Husema hivyo kwa upendo, na mkono wake huwa begani kwake. Mwadi hutoa sauti. Wengine wanasema ni lugha ya Roho. Hajajitokeza mtu wa kuitafsiri.

Germain sasa hupokea pande zote mbili, wanaume na wanawake, na hupokea vizuri, goti moja mbele, kichwa mwisho. Beji ameiacha nyumbani. Kila Alhamisi huenda kwa Mwadi na karanga zilizotwangwa, kwa sababu nzima zinampalia, na hukaa kando ya kitanda. Mwadi humtazama. Mkono wa kushoto hufunguka, hujifumba, hufunguka. Germain huushika. Ukishashikwa hutulia, naye hukaa hivyo hadi Orpa atakaporudi kutoka sokoni na kusimama mlangoni, akingoja aondoke ili aingie.

Jumapili Orpa na jirani humleta ibadani. Kwanza walimweka mbele, lakini alikuwa akiinamia kulia na kuteleza, kwa kuwa bega lile halijishikilii tena. Wakajaribu sehemu kadhaa, na sasa wamempatia mahali ambapo ukuta unamzuia asianguke. Ni upande wa kulia, kati ya kalenda na swichi ya taa. Wageni wanaosoma tangazo husoma juu ya kichwa chake.